Ukifunga Kitengo, Shilingi Ipi Itaondoka Nacho?

Jedwali la faida ya kila kitengo ni moja ya karatasi za hatari zaidi katika biashara ya kati, na hatari yake haitokani na makosa ya kujumlisha. Mhasibu amefanya kazi yake vizuri. Amegawa kodi ya jengo na mishahara ya ofisi kwa utaratibu unaokubalika, na chini kabisa, kwenye safu ya kitengo kimoja, imetokea namba ndani ya mabano, alama ya hasara. Mwenye mali anaiona na kuuliza, "Hiki nacho tunakiweka cha nini?" Kabla mwezi mwingine haujaisha kitengo kimefungwa, watu wameondoka na friji zimeuzwa kwa bei ya kutupa. Baadaye faida ya kampuni nzima inashuka, na hakuna anayeelewa sababu, kwa kuwa kilichoondolewa kilikuwa hasara.

Tuchukue mfano wa kubuni wa bekari ya Morogoro yenye vitengo vitatu. Mikate inauza Sh milioni 42 kwa mwezi, skonzi za shule Sh milioni 18, keki za sherehe Sh milioni 20. Kwanza tunaondoa gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo yenyewe: unga, sukari, hamira, mayai, siagi, gesi, mifuko na maboksi. Kinachobaki ndicho wahasibu wanachokiita mchango. Mikate inabakiza milioni 16.8, skonzi 8.1, keki 9.0. Halafu kila kitengo kina gharama zake chenyewe zisizotikisika kwa wingi wa mauzo: mikate milioni 3.6, skonzi 1.5, keki 4.2. Juu ya hizo zote kuna milioni 16 za pamoja: kodi ya jengo, meneja, mhasibu, magari mawili, ulinzi, bima na leseni.

Mhasibu amegawa hizo milioni 16 kwa ukubwa wa eneo. Keki zinahitaji meza ndefu za kupambia na chumba cha baridi, kwa hiyo zimebebeshwa asilimia 40, yaani milioni 6.4, sawa na mikate. Skonzi zimepewa 3.2. Matokeo yake, mikate ina faida ya milioni 6.8, skonzi 3.4, na keki hasara ya milioni 1.6. Bekari nzima imepata milioni 8.6. Mwenye mali anasoma hesabu hii kwa namna inayoonekana dhahiri: bila keki tungepata milioni 10.2.

Sasa tugawe milioni zilezile 16 kwa uwiano wa mauzo, njia inayokubalika vilevile. Keki ni robo ya mauzo, zinabeba milioni 4.0, na ghafla zina faida ya laki nane. Hakuna keki hata moja iliyoongezeka wala kilo moja ya sukari iliyookolewa, na faida ya bekari nzima bado ni milioni 8.6. Ikiwa kitengo kinaweza kutoka hasarani kwa kubadilisha tu kipimo cha mgawo, basi hasara ile haikuwa inatuambia lolote kuhusu nini kitatokea tukikifunga. Mgawo una kazi zake halali, hasa pale mtu anapotaka kujua bei ya muda mrefu inapaswa kubeba nini. Lakini uliandaliwa kujibu swali jingine.

Mchumi wa Kimarekani John Maurice Clark aliliweka jambo hili wazi mwaka 1923 katika kitabu chake kuhusu gharama za pamoja, *Studies in the Economics of Overhead Costs*. Alionyesha kwamba kitu kimoja hakina gharama moja ya kudumu; gharama inategemea uamuzi unaotaka kuufanya. Miaka mia moja imepita, nasi bado tunatumia namba moja kwa kila swali: kupanga bei, kulipa bonasi, kuomba mkopo, kufunga kitengo. Kwa uamuzi wa kufunga, namba inayotakiwa ni tofauti kati ya njia mbili tu. Andika mapato na gharama za bekari ikiwa na keki, andika za bekari isiyo na keki, kisha tazama ni mistari gani imebadilika. Mstari usiobadilika hauna kauli katika uamuzi huu, hata kama ni mkubwa kiasi gani.

Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza, kwa sababu mistari haijiandiki yenyewe. Mchango wa milioni 9.0 utapotea wote; hilo halina ubishi. Lakini katika milioni 4.2 za gharama za keki zenyewe, ngapi zitakoma? Kuna wapambaji wawili wanaolipwa milioni 2.0. Mmoja ataondoka. Wa pili amekaa miaka mingi, mwenye mali ameshaahidi kumhamishia kwenye mikate, na mshahara wake wa laki nane utaendelea kulipwa. Umebadilisha safu tu. Kodi ya duka dogo la kuonyeshea keki, milioni 1.0, itakoma. Matangazo ya laki sita yatakoma. Laki sita zilizobaki ni uchakavu wa chumba cha baridi na mashine za kuchanganyia. Fedha hizo zilitoka siku mashine ziliponunuliwa na hazirudi kwa kufunga mlango. Ukiuza mashine utapata bei ya soko la mitumba, ambayo ni kweli inaingia kwenye hesabu, mara moja; lakini thamani iliyoandikwa kwenye vitabu haina uzito wowote hapa, iwe kubwa au ndogo.

Kwa hiyo kati ya milioni 4.2 zinakoma 2.8. Na kati ya milioni 6.4 walizobebeshwa watu wa keki kama sehemu ya gharama za pamoja, kinachokoma ni laki nne za mafuta ya gari kwa safari za Jumamosi. Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu meza za kupambia zimeondolewa. Mhasibu hapunguziwi mshahara kwa kuwa ana ankara chache. Jumla ya kinachookolewa ni milioni 3.2, na kinachopotea ni milioni 9.0. Kufunga kitengo chenye "hasara" ya milioni 1.6 kutaiangusha faida ya bekari kutoka milioni 8.6 hadi 2.8.

Nimeona watu wakilipokea jibu hili kwa mashaka, kana kwamba ni kiinimacho cha wahasibu. Njia nzuri ya kuwashawishi ni kuendeleza jedwali kwa mwezi mmoja zaidi. Keki zimeondoka. Gharama za pamoja zilizobaki, pamoja na mshahara wa yule aliyehamishwa na uchakavu usiokoma, ni milioni 17.0, na sasa zinagawiwa vitengo viwili. Kwa kipimo kilekile cha eneo, mikate inabeba theluthi mbili. Skonzi, ambazo mwezi uliopita zilikuwa na faida ya milioni 3.4, sasa zinaonyesha laki tisa na ushei. Ikifika likizo ya shule, skonzi nazo zitaingia kwenye mabano, na mtu yuleyule ataangalia jedwali na kusema tumepata kingine cha kufunga. Biashara inaweza kujila yenyewe kitengo baada ya kitengo kwa njia hii, kila hatua ikiwa na karatasi safi ya kuihalalisha.

Mfano mkubwa wa swali hili katika historia ni reli za Uingereza. Mnamo Machi 1963 Richard Beeching, aliyetoka katika kampuni ya kemikali ya ICI na kupewa uenyekiti wa shirika la reli, alitoa ripoti iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363 na kilomita zipatazo 8,000 za njia. Takwimu zake zilikuwa nzito: karibu theluthi ya mtandao ilibeba takriban asilimia moja tu ya umbali wote uliosafiriwa na abiria. Reli ilikuwa inapoteza fedha nyingi kila mwaka, na njia ndogo za vijijini zilionekana ndizo mdomo unaokula. Njia nyingi zilifungwa. Hasara haikwisha. Mwaka 1968 Bunge lililazimika kupitisha sheria iliyoruhusu serikali kulipia njia zisizojilipa lakini zinazohitajika na jamii.

Sidhani Beeching alikosea kila mahali. Baadhi ya njia zile zilikuwa na treni karibu tupu na gharama zake nyingi zilikuwa zake peke yake: mkuu wa stesheni, mlinzi wa makutano, ukarabati wa reli. Kufunga njia nzima hukomesha gharama hizo kweli. Tatizo lilikuwa upande wa mapato. Abiria aliyepandia kijijini hakuishia mwisho wa njia ndogo. Aliunganisha hadi London au Manchester, na sehemu kubwa ya nauli yake iliandikwa kwenye njia kuu. Matarajio yalikuwa kwamba njia ndogo ikifungwa, ataendesha gari hadi stesheni kubwa ya karibu na kupanda treni hapo. Wengi, wakishaingia kwenye gari, waliendelea nalo hadi mwisho wa safari. Mapato yaliyopotea yalikuwa kwenye safu ya kitengo kingine, mahali ambapo anayefunga hakuwa anatazama.

Kwa bekari yetu, swali hilo lina sura ya mteja anayefuata keki ya harusi na kuagiza mikate mia mbili ya wageni, au shule inayochukua skonzi kwa sababu mwalimu mkuu alipendezwa na keki ya mahafali. Ikiwa kufunga keki kutapunguza mchango wa mikate kwa laki tano, laki tano hizo ni gharama ya kufunga, ziandikwe kwa wino.

Lakini hoja hii ina upande wa pili ambao wauzaji huutumia vibaya. Karibu kila kitengo dhaifu hutetewa kwa maneno "wateja wanataka kukuta kila kitu". Intel ilikaa muda mrefu ikiamini hivyo kuhusu chipu za kumbukumbu, bidhaa iliyokuwa imeijenga kampuni hiyo tangu mwanzo. Watengenezaji wa Kijapani walipoishinda kwa bei na ubora, viongozi wake walishikilia kwamba muuzaji asiyekuwa na kumbukumbu hawezi kuuza chipu nyingine. Mwaka 1985 wawili kati ya viongozi hao, Andrew Grove na Gordon Moore, waliamua kuachana nazo. Grove ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1996, *Only the Paranoid Survive*, kwamba wateja walipoambiwa hawakushtuka. Wengi walikuwa wakilitarajia zamani. Beeching alidhani mnyororo unaounganisha mauzo ya kitengo kimoja na kingine haupo kumbe upo. Intel ilidhani upo kumbe haupo. Hakuna kanuni ya darasani itakayokuambia uko upande gani. Chukua daftari la maagizo ya mwaka mmoja, tafuta wateja walionunua keki, uone walinunua nini kingine na kama walianza na keki au na mkate. Ni kazi ya siku mbili tatu kwa karani mwangalifu, na thamani yake inazidi mikutano yote ya kubishana.

Kisa cha Intel kina jambo jingine ninalolipenda zaidi. Kabla viongozi hawajaamua, viwanda vyenyewe vilikuwa vimeshaanza kuhamia kwenye chipu za kuchakata data, kwa sababu wapangaji wa uzalishaji walikuwa na kanuni ya kugawa nafasi ya kiwanda kulingana na faida ghafi inayoletwa na kila sehemu ya nafasi hiyo. Kumbukumbu zilikuwa zinaleta kidogo, basi zikawa zinapata nafasi ndogo zaidi mwaka hadi mwaka. Kanuni ile iliona mapema kile ambacho mazoea ya ngazi ya juu yalikificha.

Tuilete Morogoro. Keki zinatumia oveni saa 120 kwa mwezi na zinaiachia bekari milioni 5.8 zaidi kuliko zisipokuwepo. Hiyo ni kama Sh 48,000 kwa kila saa ya oveni. Sasa tuseme supamaketi ya mjini inataka mikate ya slesi kila siku, na baada ya kutoa gharama zote zitakazoletwa na oda hiyo, kila saa ya oveni ingebakiza Sh 55,000. Ikiwa oveni zimejaa na hakuna pa kuongeza, keki zinapaswa kupisha. Saa zilezile 120 zitaleta milioni 6.6, ziada ya laki nane. Keki hazijawa na hasara. Zimepata mpinzani anayeitumia oveni vizuri zaidi. Oveni zikiwa zinalala nusu ya usiku, hoja hiyo inaanguka, maana vyote viwili vinaweza kuokwa. Mtu asiyejua ni rasilimali ipi imembana hawezi kufanya uamuzi huu, na katika biashara nyingi za kwetu kinachobana mara nyingi ni saa za mwenye mali mwenyewe, ambazo haziandikwi popote kwa sababu hajilipi mshahara.

Mpaka hapa nimetetea keki, na makala nyingi kuhusu jambo hili huishia hapo. Mimi naona ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeua biashara pia. Mtu akishajifunza kwamba gharama za pamoja hazikomi, anapata ruhusa ya kubakiza kila kitu milele. Kila kitengo kinalipa gharama zake na kubakiza kidogo, kila mwaka hesabu ya tofauti inasema "usifunge", na bado vyote kwa pamoja havifikii kodi, ofisi na magari. Kampuni inazama ikiwa na vitengo ambavyo kila kimoja, peke yake, kina sababu ya kubaki.

Kinachotatua fumbo hilo ni tarehe. Gharama "isiyobadilika" haibadiliki mpaka siku fulani. Kodi ya jengo haibadiliki mpaka mkataba uishe. Gari halibadiliki mpaka linapohitaji injini mpya. Chumba cha baridi ni fedha iliyokwishazama hadi siku kinapokufa na fundi kusema nunua kingine. Siku hiyo kinageuka kuwa fedha mpya kabisa ambayo bado unaweza kuikataa. Kwa hiyo hesabu ya tofauti iliyofanywa leo ni kweli kwa leo tu.

Tuseme mkataba wa jengo unaisha baada ya miezi minane, na bila keki bekari ingetosha katika eneo dogo zaidi na kuokoa milioni 1.8 za kodi kila mwezi. Tuseme wakati huohuo yule mpambaji wa zamani anastaafu, na chumba cha baridi kinahitaji kubadilishwa kwa gharama inayolingana na laki sita kwa mwezi. Gharama ambazo kufunga kutaziepusha zinapanda kutoka milioni 3.2 hadi 6.4. Mchango ukiwa bado milioni 9.0, keki zinabaki, lakini ziada imeshuka kutoka 5.8 hadi 2.6.

Sasa mauzo ya keki yapungue kwa theluthi moja, labda kwa sababu waokaji wa nyumbani wanaouza kwa simu wameongezeka. Mchango unakuwa milioni 6.0. Hali hiyo ikitokea leo, keki bado zinaiachia bekari milioni 2.8 kila mwezi, na kuzifunga ni kosa. Ikitokea mkataba ukiwa unasainiwa upya, zinaigharimu laki nne kila mwezi, na kuzibakiza ni kosa. Keki ni zilezile na wateja ni walewale. Kwa hiyo sioni maana ya kumuuliza mhasibu "tufunge au tusifunge" bila kumwambia uamuzi unahusu kuanzia lini.

Kufunga kwenyewe kuna bei, na huwa inasahaulika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi, kueleza sababu na kushauriana, kisha kulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka si chini ya siku 15 kwa kila mwaka. Ongeza kodi ya miezi iliyobaki kwenye mkataba wa duka, na maagizo ya harusi yaliyokwishapokelewa malipo ya awali. Hizi ni gharama za mara moja, zipimwe dhidi ya akiba ya kila mwezi ili ujue zitachukua muda gani kurudi. Nyuma ya kila mstari kuna mtu pia. Uchumi, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilipofunga maduka yake ya Uganda na Tanzania mnamo Oktoba 2015, iliwaacha wafanyakazi na wauzaji wa bidhaa wa nchi hizo wakidai haki zao. Matawi yale yalikuwa mzigo wa kweli, yenye kodi na mishahara ambayo kufunga kungeikomesha, na hata hivyo kufungwa kwake hakukuinusuru kampuni. Miaka iliyofuata iliendelea kufunga maduka nyumbani Kenya. Kitengo kikiondolewa wakati deni la pamoja limeshakuwa kubwa kuliko michango yote, kinaondoka kimechelewa.

Ndiyo maana ningependa jedwali la mwezi liandikwe upya. Safu ya mgawo wa gharama za pamoja iondolewe kabisa kwenye karatasi ya vitengo, zibaki zimejumlishwa chini kama deni la wote. Kila kitengo kionyeshe mchango wake, gharama zitakazokoma kikifungwa leo, na saa za rasilimali inayobana kinazotumia. Halafu iongezwe safu moja ambayo sijaiona katika programu za uhasibu zinazouzwa kwetu: tarehe ya gharama kubwa inayofuata kuweza kukwepeka. Kwa keki za Morogoro hapo pangeandikwa mwezi wa tano kuanzia sasa, kwa sababu mkataba unaisha mwezi wa nane na mwenye jengo anataka notisi ya miezi mitatu. Hesabu ya keki irudiwe mwezi huo, kwa mauzo ya wakati huo na kwa kodi mpya, kabla barua ya kuongeza mkataba haijasainiwa na chumba kipya cha baridi hakijaagizwa.